Žižkov, Thelathini na Nane

"Usitikisike," Bi Drahomíra alisema. "Na shusha mabega. Ukiyanyanyua, lango linakuwa fupi."

Radka akashusha mabega. Alikuwa amesimama wima kando ya lango la nyumba moja ya Malá Strana, mtaa wa kale wa Praha, mikono ubavuni kama askari wa gwaride. Mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye kigoda cha kukunja, ubao wa kuchorea magotini. Alifumba jicho moja, akanyoosha mkono wenye penseli, akapima kutoka nyayo za bintiye hadi utosini, kisha akaihamisha penseli juu ya lango kidogo kidogo.

"Radka wawili kasoro kichwa," alisema, akaandika pembeni.

Watalii wawili wakasimama, wakamtazama Radka, wakampiga picha.

"Mama, hawa wanadhani mimi ni sehemu ya jengo."

"Waache. Tangu lini mtu akupige picha bila wewe kujificha nyuma ya mumeo Luděk?"

Radka alicheka, mabega yakapanda tena, na ikabidi kipimo kirudiwe.

Ilikuwa likizo ya vuli. Shule zilikuwa zimefungwa, na Radka, ambaye huko Pardubice alipika chakula cha mchana cha shule nzima, alikuwa na siku chache za kutoonja mchuzi wa mtu. Zamani siku kama hizi angezitumia kufua mapazia na kulala. Safari hii alimchukua mama yake kule kijijini, wakapanda treni kuja Praha.

Kijijini kwa Bi Drahomíra kila nyumba ilikuwa na Bethlehemu yake ya Krismasi, sanamu ndogo za kuchongwa. Hori lilikuwepo, na Mtoto, na kondoo, ila nyuma ya hori hawakuweka vilima vya Yudea. Waliweka nyumba za kwao wenyewe: kinu, kanisa, duka la mwokaji na mwokaji mwenyewe na kitambi chake. Mzee Alois, marehemu mume wake, alichonga mbao maisha yake yote, na Bethlehemu yao ilikuwa imejaa kijiji kizima. Nyumba moja tu ilikuwa haimo. Bi Drahomíra alizaliwa Praha, mtaa wa mlimani wa Žižkov, akaishi huko hadi umri wa miaka kumi, baba yake aliporithi kibanda cha wazee wake na kuwahamishia wote shamba. Nyumba ile Alois hakuichonga kwa sababu hakuiona. Sasa mkewe alitaka kuichora, akaikate kwa karatasi ngumu mwenyewe.

Hilo ndilo walilowaambia majirani. Lakini kulikuwa na jambo jingine kati yao wawili.

Kiangazi kilichopita Bi Drahomíra alisahau sufuria ya plamu jikoni, pazia likashika moto. Haukupita mwezi akaonekana kwa mwokaji asubuhi amevaa koti la mvua na ndara za kulalia, na kulikuwa na jua kali. Radka hakugomba. Alitoa vitu kwenye chumba cha mwanawe aliyekwenda kuishi Brno, akanunua kitanda, akapaka ukuta rangi. Kisha akaenda kijijini kumwambia mama yake kwamba chumba kiko tayari.

Bi Drahomíra alimsikiliza hadi mwisho, akamenya tofaa, akampa nusu.

"Unadhani kichwa kimeanza kuvuja," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Kitanda kimesema. Basi tufanye hivi. Nipeleke Praha. Nitakuonyesha nyumba niliyokulia, bila kumuuliza mtu. Nikiipata, uniache hapa na jiko langu. Nisipoipata, nitafunga mizigo, na wala hutanisikia nikinung'unika."

Radka alikubali. Wakati ule aliona ni njia nyepesi ya kumhamisha mama bila ugomvi.

Ila tangu wafike, Bi Drahomíra hakuikaribia Žižkov. Siku ya kwanza alitaka Malá Strana, achore malango ili mkono ukunjuke. Kesho yake akataka Vyšehrad, na huko wakatembea juu ya kuta za ngome wakikanyaga majani makavu, mama akasimulia jinsi baba yake alivyomleta Jumapili na kumnunulia tango la siki kwenye karatasi. Siku iliyofuata ilikuwa Karlín, kisha Libeň, ambako alisimama muda mrefu mbele ya kiwanda kilichogeuzwa kuwa nyumba za kupanga na kusema kwamba zamani harufu ya hapa ilikuwa ya sabuni. Kila mtaa ulikuwa na kitu cha kukumbuka, na kila mara lililosimuliwa lilikuwa limetokea walipokuwa njiani kurudi nyumbani. Žižkov ilibaki pale pale juu ya kilima chake, na mnara wa televisheni ukionekana kutoka kila pembe ya mji, kama mtu anayekungojea na hana haraka.

Siku waliyorudi tena Malá Strana, Radka akiwa amesimama kama askari mbele ya lango la tatu, alielewa. Mama yake alikuwa anaogopa.

"Mama," alisema walipokuwa wakikunja kigoda. "Tunaweza tusiende. Tukarudi nyumbani tu."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Hakuna aliyeshinda."

Bi Drahomíra alifunga kamba za ubao wake, fundo juu ya fundo. "Kitanda umeshakinunua," alisema. "Kesho tunapanda."

Kesho yake wakapanda tramu hadi makaburi ya Olšany, kando ya Žižkov, wakashuka. Sikukuu ya kuwakumbuka marehemu ilikuwa imekaribia, na mbele ya malango wauzaji walikuwa wamepanga mashada ya matawi ya msonobari na mishumaa ya glasi nyekundu. Bi Drahomíra alipita katikati yao upesi, bila kusalimia maua, jambo ambalo si tabia yake. Kona ya kwanza akakata kulia, ya pili akakata kushoto, hakusita. Radka alimfuata nyuma kidogo akiwa na kigoda kwapani.

"Hapa palikuwa na yadi ya makaa," mama alisema mbele ya duka la simu. "Na huu ndio mtaa wetu. Mtaa wa Wafinyanzi. Soma."

Radka akasoma kibao cha kona. Ndio huo. Moyo wake ulifurahi kuliko alivyotarajia.

"Na nyumba ni thelathini na nane," mama alisema.

Mtaa ule ulikuwa na mteremko mkali, kama mitaa yote ya Žižkov. Mtu akiangusha chungwa juu analikuta chini limepondeka. Wakaupanda taratibu. Juu ya kila lango palikuwa na vibao viwili, chekundu na cha bluu, kama kila nyumba ya Praha, na Radka akawa anasoma nambari za bluu kwa sauti, jinsi kila mtu anavyosoma: kumi na nane, ishirini na sita, thelathini na mbili. Karibu na kilele wakaikuta. Thelathini na nane, nyumba ya orofa tano, rangi ya haradali, vichwa vya malaika wa plasta juu ya madirisha.

Bi Drahomíra aliitazama.

Kijana mmoja alikuwa akitoka na baiskeli, akawashikia lango, wakaingia. Ndani palikuwa na ukumbi wenye vigae, lifti, na mlango wa kioo unaotokea kwenye ua mdogo wenye mapipa ya taka. Kuta za ua zilikuwa tupu kuanzia chini hadi juu.

"Hakuna roshani," Bi Drahomíra alisema. "Kulikuwa na roshani za chuma, kila orofa, zinazunguka ua mzima. Mlango wa jikoni ulifungukia kwenye roshani. Mama alikuwa akizungumza na Bi Hromádková wa upande wa pili huku anamenya viazi, maganda yakimwangukia mwenye nyumba."

"Labda waliziondoa."

Mama aligusa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. "Roshani haiondoki bila kovu," alisema. Kisha akatoka nje, akasimama barabarani, akatazama chini mteremko mzima. "Na mipira. Mpira wowote ukipotea mtaani ulikuja kusimama mlangoni kwetu. Baba alikuwa na kapu zima. Hapa juu mpira utapandaje?"

Radka naye akatazama chini. Aliona mkono wa mama yake ukitafuta mfuko wa koti na kuukosa, ukatafuta tena.

"Pengine ni mtaa mwingine, mama."

"Mtaa ndio huu."

"Basi pengine nambari."

"Nambari," Bi Drahomíra alisema polepole, "nilifundishwa kabla ya Baba Yetu."

Waliingia baa iliyokuwa katikati ya mteremko, kwa sababu miguu ilikataa na upepo ulikuwa umeanza. Ilikuwa baa ya watu wa mtaani, meza zenye alama za bilauri, na mzee mmoja peke yake karibu na jiko la kupashia joto, mbwa wake mrefu wa miguu mifupi akiwa amelala juu ya kiatu chake. Radka akaagiza supu ya viazi na uyoga, mbili. Mama yake alikoroga yake bila kula.

"Nitahamia kabla ya Krismasi," Bi Drahomíra alisema. "Ili usisafiri kwenye theluji."

Radka alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi mitatu. Sasa yalipotoka aliona supu imekosa chumvi, na hakuwa na nguvu ya kuichukua chumvi mezani. Alimkumbuka mama yake alivyokata kulia na kushoto kule makaburini bila kusita. Mtu aliyepotea hatembei vile.

"Niambie jinsi ulivyofundishwa," alisema.

"Nini?"

"Nambari. Ulisema kabla ya Baba Yetu."

Bi Drahomíra aliweka kijiko chini. "Baba alikuwa akiniweka juu ya meza. Ananiuliza: ukipotea mjini utafanyaje? Mimi: sitalia. Yeye: halafu? Mimi: nitamtafuta askari. Utamwambia nini? Nitamwambia, Žižkov, thelathini na nane. Ananipa kipande cha sukari."

"Na mtaa?"

"Mtaa hakuutaka. Niliwahi kumtajia nikanyimwa sukari. Alisema mitaa hubadilishwa majina kila serikali inapobadilika, nyumba haibadiliki."

Kwenye meza ya jiko mzee akakohoa, kisha akaona kukohoa hakutoshi.

"Samahani, mama zangu. Masikio yangu hayana adabu, na huyu mbwa ndiye aliyeyafundisha. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa shamba?"

Bi Drahomíra alimgeukia. "Na kama alikuwa?"

"Usinikasirikie. Mke wangu naye alitoka shamba, na alikuwa na akili kuliko baa hii nzima."

"Baa hii ina wewe peke yako."

"Ndiyo nasema," mzee alijibu, na Bi Drahomíra, hata katika huzuni yake, akatabasamu. "Kule shamba nyumba ina nambari moja. Hakuna mtaa, hakuna nini. Unaandikiwa: kijiji fulani, nyumba ya arobaini, na barua inafika. Au siyo?"

"Mpaka leo. Mimi niko nyumba ya sitini na moja, basi."

"Basi baba yako alipofika hapa, akakuta nambari mbili mlangoni. Ya bluu inahesabu nyumba za mtaa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwao hiyo haikuwepo, akaiona kama nambari ya kiti cha sinema, leo yako kesho ya mwingine. Nyekundu akaitambua. Nyekundu ndiyo nyumba yenyewe, jinsi ilivyoandikishwa ilipojengwa, na Žižkov nzima hakuna nyingine yenye nambari hiyo. Ndiyo maana hakukutaka utaje mtaa! Askari angejua." Alipiga meza kidogo, mbwa akafumbua jicho. "Ninyi mmepanda hadi ya bluu, sivyo? Kule kwa malaika?"

Radka aliona aibu ikimpanda shingoni. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti. Mwanamke wa mjini, anayepita chini ya vibao viwili kila siku huko Pardubice, na chekundu hajawahi kukisoma isipokuwa kodi ya nyumba inapofika.

"Thelathini na nane nyekundu iko wapi?" aliuliza.

"Chini kabisa, mtaa unapotulia. Kwa bluu ni tano. Naiona kila asubuhi, mbwa ana shughuli zake pale kwenye nguzo."

Bi Drahomíra alikuwa ameshasimama. Kisha akaketi tena, akaila supu yake yote, hadi chini, kwa utaratibu. "Miaka yote hii imengoja," alisema. "Nikienda na njaa nitaona visivyokuwepo."

Mzee aliitwa Bwana Otakar. Akawasindikiza, kwa sababu, alisema, mbwa angemsimanga asipowasindikiza. Walipokaribia chini, Bi Drahomíra akamshika bintiye mkono.

"Kabla mlango haujafunguliwa nitakwambia kilichomo. Tujue mbele ya shahidi. Ukiingia, upande wa kushoto kuna bomba la maji. Ngazi ni za mawe, zinapinda kulia. Roshani ni za chuma, zimepakwa kijani. Na katikati ya ua kuna mti wa jozi."

Nyumba ilikuwa ya kijivu, fupi kuliko jirani zake, bila malaika. Kibao chekundu kilikuwa na kutu pembeni, lakini nambari ilisomeka. Bwana Otakar akabonyeza kengele.

"Hedvika! Fungua. Nimekuletea mpangaji wa zamani."

"Nani tena, Otakar?" sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kipaza sauti ukutani. "Umelewa saa hizi?"

"Bado. Ni bibi aliyezaliwa humu, na kigoda kaja nacho mwenyewe."

Lango likafunguka. Bomba halikuwepo, upande wa kushoto palikuwa na vigari vya kusukumia watoto, ingawa ukuta ulikuwa na bakuli la jiwe, limejazwa udongo na kupandwa maua. Ngazi zilikuwa za mawe, zikapinda kulia. Wakatoka kwenye ua.

Roshani zilikuwepo. Orofa tatu za chuma chembamba, zimezunguka ua pande zote, na milango ya jikoni imepangana, na kamba ya nguo, na chungu cha vitunguu kijani, na mwanamke mnene mwenye aproni ameegemea chuma akiwatazama. Mtu alikuwa akikaanga kitunguu. Bi Drahomíra alisimama katikati ya ua, uso ameuelekeza juu, na Radka akaona midomo yake ikihesabu milango.

"Ule," alisema. "Orofa ya pili, wa tatu kutoka kona. Bi Hromádková alikuwa pale ulipo wewe, bibi."

"Pana baridi, hata yeye aliugua mgongo?" Bi Hedvika aliuliza kutoka juu.

"Alilalamika kila siku."

"Basi ndipo penyewe."

Radka alitazama chuma. Kilikuwa cha rangi ya kahawia. Kisha akatazama katikati ya ua, na kote palikuwa na mawe yaliyopangwa kitambo, yamelainika, na mfereji mdogo wa mvua ukipita kati. Hapakuwa na mahali ambapo mti ungewahi kusimama.

Mama yake alimwona akitazama.

"Mti wa jozi," Bi Drahomíra alisema. "Ule ulikuwa shamba. Kwa babu. Ndio, ulikuwa shamba." Alisema bila kujitetea, na hakuonekana kuogopa. "Nimeuhamisha. Sijui lini."

"Una watu wengi wa kuwakumbuka," Radka alisema. "Nafasi ni ndogo, wanasongamana."

"Usinibembeleze. Nani kashinda?"

Bwana Otakar akainama kumfunga mbwa kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

"Ulisema bila kumuuliza mtu," Radka alijibu.

"Sikumuuliza. Alijitia."

"Kweli, nilijitia," Bwana Otakar alisema kutoka chini.

Radka alifungua kigoda, akakiweka karibu na ukuta mahali pasipo na upepo, akampa mama yake ubao. "Umeshinda, mama," alisema. "Nyumba umeipata. Mimi ndiye niliyekupandisha kwa malaika."

Bi Drahomíra aliketi. Alichonga penseli, akapuliza ncha, akaanza na mstari wa chini, pale mawe yanapokutana na ukuta. Alichora bomba pia, kwa sababu bakuli lake lilikuwepo. Mti hakuuchora. Bi Hedvika alishusha chai ya rum na vipande viwili vya keki ya plamu, akabaki amesimama nyuma yake, akisema pale pana dirisha jipya lisichorwe, pale mlango ulikuwa mpana zaidi.

Radka alitoka hadi langoni kumpigia mumewe. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini lango lile lilikuwa kama baragumu, kila neno lilirudi uani.

"Luděk, kile kitanda... Hapana, hahami. Sikiliza. Tukipeleke kijijini. Chini, chumba cha kando ya jiko... Ndiyo, alale chini, ngazi sitaki azipande usiku. Na kile chake cha juu kibaki, nitalala mimi. Kila Ijumaa... Kila Ijumaa, ndiyo. Utakula kwa mama yako, hutakufa."

Aliporudi, mama yake hakuinua macho.

"Kando ya jiko kuna joto," Bi Drahomíra alisema. "Lakini kitanda kinaingia kwa urefu, siyo upana. Mwambie Luděk apime kwanza, asije akang'oa mlango."

"Nitamwambia."

"Na sufuria za plamu, tutapika ukiwepo."

"Sawa, mama."

Orofa ya kwanza ilikuwa imekamilika, na ya pili ilifika hadi mlango wa tatu kutoka kona. Hapo Bi Drahomíra alikaa muda mrefu. Alichora kizingiti, akakifuta, akakichora tena kidogo zaidi. Mwanga wa mwisho wa Oktoba ulikuwa umepanda juu ya paa na kuliacha ua kwenye kivuli; jikoni taa zikaanza kuwaka moja moja, na vyuma vyembamba vya roshani vikaanza kuchanganyika na giza la ukuta.

"Macho yanakataa," alisema. "Ya tatu siioni."

"Njooni kesho saa nne," Bi Hedvika alisema. "Jua linaingia upande huu. Nami nitakuwa naoka, mtanionjea."

Bi Drahomíra akaweka nukta mbili juu ya karatasi tupu, mahali roshani ya tatu itakapoanzia na itakapoishia, akafunga ubao. Radka akakunja kigoda, akauliza kama wanaweza kukiacha pale chini ya ngazi, na Bi Hedvika akasema wakiache.